NDOA BILA CHETI, KAZI BILA HAKI

Ndugu wafanyakazi wa Lodwar, Kakuma, Kalobeyei na Lokichoggio,

Wanachama wengine wametuuliza: kwa nini chama cha wafanyakazi kinajitia katika habari za visa, za wakimbizi na za ndoa? Wasema kazi ya chama ni mshahara na saa za kazi, basi. Sisi twajibu hivi: mtu asiye na ruhusa ya kukaa hana nguvu ya kudai mshahara. Mtu ambaye mkewe anaweza kuondolewa kesho hawezi leo kumwambia mwajiri, "Hapana." Yeyote anayeshika karatasi ya kukaa ndiye anayeshika shingo ya mfanyakazi. Wazee wetu waliivaa kipande shingoni, na hawakuhitaji kuelezwa neno hili mara mbili.

Kwa hiyo twasema wazi. Sheria za kukaa, na sheria za nani aweza kumdhamini mumewe, mkewe au mtoto wake, ni jambo la wafanyakazi. Tena ni jambo la Turkana kuliko mahali pengi pa Kenya, kwa sababu hapa, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, pana mji uliotokana na kambi. Kambi ilifunguliwa 1992, na leo watu wake wapata 300,000 pamoja na wa Kalobeyei. Wapo kati yao waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakaoa humo, wakazaa humo, na bado wanaitwa wageni.

MILANGO YA NG'AMBO

Kwa miaka 30 watu wa Kakuma wamefundishwa kutazama njia moja tu ya kutoka: jina libandikwe ubaoni, ndege ije, waende Marekani, Kanada au Australia. Na kweli wako waliokwenda. Vijana wa Sudan waliovuka jangwa kwa miguu, kama 3,800, walichukuliwa kwenda Marekani kuanzia 2000 na 2001. Wabantu wa Somalia walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma 2002, na kuanzia 2003 zaidi ya 10,000 wakasafiri. Aliyefika alipewa njia iliyo wazi: baada ya mwaka 1 anaomba ukaazi wa kudumu, baada ya miaka 5 anaomba uraia, na ndani ya miaka 2 ya kufika aweza kumwita mkewe au mumewe na watoto wake.

Lakini tazameni jinsi njia hiyo ilivyochezewa. 2008 Marekani ilianza kupima damu za jamaa hapa Kenya ili kujua kama kweli ni ndugu. Ilipoona wengi hawalingani na maandishi, ikausimamisha mpango wa kuunganisha jamaa kwa miaka 4, mpaka Oktoba 2012. Hatukatai kwamba wapo walioandika uongo, na wapo waliouza nafasi kama mtu anavyouza mbuzi. Lakini swali letu ni hili: mtoto wa marehemu ndugu yako, uliyembeba mgongoni kutoka Torit au kutoka Kismayu, ukamlisha, ukamsomesha, huyo si mwanao? Kwetu ni mwanao, wala hakuna mzee wa Kiturkana, wa Kidinka au wa Kisomali atakayekuuliza cheti. Kwa mashine ya damu huyo si mtu wako. Basi mwenye kusema uongo na mwenye kulea yatima wakafungiwa mlango mmoja.

Januari 2017 rais Donald Trump aliwafungia watu wa nchi 7, Somalia na Sudan zikiwamo. Januari 2021 rais aliyemfuata akaifuta amri ile. Januari 2023 ukaanzishwa mpango mpya: Wamarekani 5 wakijiunga na kuchanga fedha waliweza kumdhamini mkimbizi, na baadaye waliweza hata kumtaja kwa jina. Hapa Kakuma watu walikesha wakitafuta namba za jamaa zao. Januari 20, 2025 Trump akarudi, na siku ile ile akatia sahihi amri ya kusimamisha mapokezi yote ya wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha pimwa na kuhojiwa, wakauza magodoro na masufuria yao, wakabaki wamekaa juu ya mabegi. Februari mpango wa udhamini ukavunjwa. Juni ikaja amri ya kuzuia raia wa nchi 12, Somalia na Sudan zikiwamo tena, na Burundi ikawekewa kizuizi cha nusu. Desemba 2025 Sudan Kusini nayo ikaongezwa. Na kwa mwaka wa serikali yao ulioanza Oktoba 2025, hesabu ya wakimbizi wa kupokewa ilishushwa kutoka 125,000 hadi 7,500, nafasi nyingi zikiwa za Wazungu wa Afrika Kusini. Haya si maneno yetu, ni yao wenyewe, walichapa.

Kanada nayo, mwishoni mwa Novemba 2024, iliacha kupokea maombi mapya ya vile vikundi vya watu 5 vinavyodhamini. Uingereza, Septemba 2025, ilisimamisha maombi mapya ya mkimbizi kumwita mkewe na watoto wake. Milango mitatu mikubwa ikafungwa ndani ya miezi 10.

Ndugu, hatuandiki haya ili tulie. Twaandika ili tujifunze neno moja: kinachotolewa kama sadaka huondolewa kama sadaka. Mkimbizi hana kura Washington, wala Ottawa, wala London. Uchaguzi mmoja wa watu wasiomjua unamtenga na mkewe kwa miaka 4. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wenye jamaa ng'ambo wasikate tamaa, maombi yao wayashike na karatasi zao wazitunze. Lakini mapigano yetu yako hapa, ambapo tuna miguu ya kutembea na sauti ya kusikika.

SHERIA YA KWETU YASEMAJE?

Sheria ya Kenya si mbaya kwa maandishi. Tuisome pamoja, kwa maana wengi hawajapata kusomewa.

Kwanza, Katiba ya 2010, kifungu cha 14: mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba AU mama ni raia wa Kenya, awe amezaliwa hapa au pengine. Basi mtoto wa mwanamke wa Kiturkana aliyezaa na Msudan Kusini wa Kakuma ni Mkenya. Si mkimbizi, wala si nusu mkimbizi. Ni Mkenya kamili, sawa na mtoto wa waziri.

Pili, kifungu cha 15: aliyeoa au kuolewa na raia, akakaa katika ndoa miaka 7, ana haki ya kuomba uraia kwa kuandikishwa. Katiba ya zamani iliwapa nafasi hiyo wake wa wanaume wa Kenya tu. Mwanamke wa Kenya aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpa mumewe kitu. Dhuluma ile ilifutwa 2010, na ilifutwa kwa sababu wanawake hawakunyamaza.

Tatu, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37: mume au mke wa raia, ndoa ikifika miaka 3, aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na mgeni aliyeshika kibali cha kazi kwa miaka 7, na kukaa Kenya mfululizo miaka 3 ya mwisho, naye aweza kuomba.

Nne, Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kazi Februari 2022, kifungu cha 28: mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya mshahara, biashara, au taaluma ambayo vyeti vyake vimekubaliwa. Na anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aweza, kwa hiari yake, kuacha ukimbizi ili apate faida za Jumuiya.

Maneno mazuri! Sasa tuwaulize: haki hizi ziko wapi Kakuma?

Ndoa zetu ni za ng'ombe, ngamia na mbuzi. Wazee wamekaa, mahari imehesabiwa, ng'ombe amechinjwa, watu wamecheza mpaka asubuhi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya mila, lakini yataka iandikishwe. Na ni wangapi katika Turkana wameandikisha? Mtu ameishi na mkewe miaka 15, wana watoto 6, lakini mezani kwa karani hiyo miaka 15 ni sifuri, kwa kuwa hana karatasi. Hata ile miaka 3 ya ukaazi na ile miaka 7 ya uraia haijaanza kuhesabiwa. Na mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye Katiba yamwita raia, hufikisha miaka 18 akaambiwa alete cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, huku yeye alikwisha tiwa katika daftari la mgawo wa chakula akiwa mchanga. Njaa ilimwandikisha ugeni kabla sheria haijamwandikisha uraia.

KAZI ISIYOHESABIWA

Sasa twafika penye kidonda chenyewe, na hapa kila mwanachama asikilize.

Sheria yasema kibali cha kazi kwa miaka 7 ni njia ya ukaazi wa kudumu. Wakimbizi wana daraja lao la kibali, daraja la M, na halilipiwi. Lakini katika kambi watu wameajiriwa tangu miaka ya 1990 kwa jina jingine: wafanyakazi wa insentivu. Ni walimu, wakalimani, wakunga, wahudumu wa afya, wachimba vyoo, walinzi, wagawa maji. Wanaingia kazini saa ile ile na mwenzao Mkenya. Mwalimu wa insentivu anafundisha darasa lililojaa watoto kuliko darasa lo lote la Lodwar. Jioni Mkenya ana mshahara, pensheni na bima. Yeye ana posho, sehemu ndogo tu ya mshahara ule, na yaitwa "motisha" ili isiitwe mshahara.

Kwa nini? Jibu wanalotupa ni kwamba hana kibali cha kazi, kwa hiyo hawezi kulipwa mshahara. Na kwa nini hana kibali? Kwa sababu hana mwajiri anayemwita mfanyakazi! Mviringo huo umezunguka miaka 30. Mtu amefundisha miaka 20, na mbele ya kifungu cha 37 hajafanya kazi hata siku 1. Jasho lake halikuandikwa. Hawezi kuomba ukaazi kwa kazi, hawezi kumdhamini mkewe, hawezi kuhama kwenda Lodwar au Kitale kutafuta kazi nyingine bila kibali cha safari.

Twauliza: ni nani anayefaidi? Wanaofaidi si mfanyakazi mkimbizi, wala si mfanyakazi wa Kiturkana. Mwajiri akijua kwamba ng'ambo ya mto Tarach wako watu wenye elimu wanaolazimika kukubali posho, atakulipa wewe wa Lodwar nini? Atakuambia, "Ukikataa, yuko mwingine." Mshahara wa chini wa jirani ndio dari ya mshahara wako.

WASEMAO "WATACHUKUA KAZI ZETU"

Twajua yako manung'uniko, na hatuyadharau. Ardhi ni ya Waturkana. Kuni zimekwisha. Watu wetu walikuwa wakipita kando ya kambi yenye mabomba na shule, wao hawana bomba wala shule. Haya ni kweli, na serikali yo yote isiyoyajibu inatafuta vita kati ya maskini wawili.

Lakini fikirini. Uchunguzi wa 2018 ulionyesha kwamba soko la Kakuma, mji na kambi pamoja, lina thamani ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Dereva wa lori, utingo, mpakiaji, mwenye bodaboda, mama wa makaa, fundi wa mabati: wote hao wanakula katika soko lile. Mgawo wa chakula uliposhushwa kufika asilimia 28 tu ya kipimo katikati ya 2025, hawakulia wakimbizi peke yao. Mama wa Kiturkana aliyezoea kubadilisha makaa kwa unga alirudi nyumbani na makaa yake. Huyo aliyeambiwa kwamba mkimbizi ni adui yake aliona siku ile kwamba chungu chao ni kimoja.

Mfanyakazi mwenye haki si hatari kwa mwenzake. Hatari ni mfanyakazi asiye na haki. Mpe mkimbizi kibali, mkataba na kadi ya chama, naye atadai mshahara sawa na wako, na hapo mwajiri hana tena sababu ya kukupita wewe.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Nchi hii ya Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mkoloni alitaka mtu awe na pasi kuingia na kutoka. Lodwar na Lokitaung ziliwekwa kuwa mahali pa kuwatupa watu wasiotakiwa. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa Lodwar tangu 1959 mpaka 1961.

Naye Makhan Singh, mwenzetu wa vyama vya wafanyakazi, alizaliwa Punjab na kuletwa Kenya akiwa kijana 1927. Aliporudi kutoka India 1947, serikali ya mkoloni ilijaribu kumfukuza kwa kutumia sheria za uhamiaji, ikasema hana haki ya kukaa. Ilishindwa. Yeye na Fred Kubai wakaunda chama cha umoja wa wafanyakazi wa Afrika Mashariki 1949. 1950 wakamkamata, wakamweka kizuizini miaka 11, mwanzo huko huko Lokitaung. Basi asije mtu akatuambia kwamba karatasi za kukaa si habari ya wafanyakazi. Tangu zamani, mwenye mali akishindwa kumnyamazisha mfanyakazi kwa mshahara, humnyamazisha kwa karatasi.

Na wako Wamakonde. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa ya Kwale. Walifanya kazi, wakazaa, wakazika, na miaka zaidi ya 70 hawakuwa raia wa nchi yo yote. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi, Ikulu. Kabla mwaka haujaisha wakaanza kupewa vitambulisho. Washona wakafuata 2020, Wapemba 2023. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa kwa kungoja kimya.

TUNATAKA NINI?

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika tarehe 28 Machi 2025. Yasema kambi zitakuwa makazi ya kawaida, na mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja, hospitali moja, soko moja. Vema. Lakini tusikubali mpango ambao chakula kinapunguzwa leo na haki inaahidiwa kesho. Kwa hiyo twadai:

1. Neno "insentivu" lifutwe. Kazi moja, mshahara mmoja. Kifungu cha 41 cha Katiba chasema KILA MFANYAKAZI ana haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Hakikusema kila raia.

2. Kibali cha daraja la M kitolewe Kakuma kwenyewe, wala mtu asifungiwe kambini huku akingoja barua ya Nairobi.

3. Miaka iliyokwisha fanyiwa kazi kwa posho ihesabiwe katika ile miaka 7 ya ukaazi wa kudumu. Madaftari ya malipo yapo. Yafunguliwe.

4. Msajili wa ndoa na wa vizazi aje na meza yake Kakuma, Kalobeyei na Lokichoggio, aziandike ndoa za mila kwa ushahidi wa wazee, na ziandikwe tangu siku zilipofungwa.

5. Mtoto wa raia asikae katika daftari la wakimbizi. Atolewe, apewe cheti chake, bila mzazi wake mkimbizi kunyang'anywa mgawo.

6. Raia wa nchi za Jumuiya waelezwe kwa lugha zao faida na hasara ya kuacha ukimbizi, kabla ya kutia kidole gumba. Ulinzi ukiachwa haurudi kwa urahisi.

7. Katika kila kazi mpya ya Mpango huu, wenyeji wa Turkana wapate sehemu yao iliyoandikwa, kwa mikataba na si kwa hisani.

Na ninyi wanachama mnayo kazi. Aliyeoa aende akaandikishe ndoa yake. Aliyezaa amwandikishe mtoto. Anayelipwa posho aweke kumbukumbu ya kila mwezi: siku, kazi, kiasi. Na wale madalali wanaozunguka Kakuma na Lodwar wakiuza "nafasi ya Kanada", msiwape hata senti. Nafasi ya kuhamishiwa ng'ambo haiuzwi, haijapata kuuzwa kihalali, na anayekuuzia anakuibia. Fedha hiyo mlipeni karani wa msajili, mchukue stakabadhi.

Kifungu cha 45 cha Katiba chasema familia ndiyo msingi wa asili wa jamii, na dola itailinda. Sisi hatuombi zaidi ya hilo. Mtu alale na mkewe chini ya paa moja bila kuogopa hodi ya usiku. Afanye kazi, alipwe, aandikwe. Kama sheria yaweza kumhesabu mgawo wake wa unga kwa gramu, yaweza pia kuhesabu miaka yake ya kazi.

Mkutano wa tawi ukitangazwa, njoni nyote, mwenyeji na mkimbizi. Tukae kwenye mkeka mmoja.

UMOJA NI NGUVU!